Njia ya Lubisi, Nyumba Namba Tisa

Dukani, Kibondo
14 Machi 2022

Kwa dada yangu Mwalimu Josepha,

Shikamoo dada. Goti linasemaje siku hizi? Huku Asia ni mzima, Firdausi ni mzima, hata yule mbuzi uliyetuachia ni mzima na juzi amekula kanga nyingine. Wazima ni wote isipokuwa mimi.

Naandika kwa sababu umesema simu yangu hupokei mpaka nijifunze kuongea bila kufoka. Haya, karatasi haifoki. Nimempa konda wa basi la asubuhi, akikuletea imekunjwa ujue si mimi.

Dada, nimevamiwa. Wiki iliyopita wamekuja vijana wa anwani za makazi, wamechimba shimo mbele ya duka langu, wamesimamisha nguzo na kibao. Mtaa wetu mzima wameupa majina ya vyakula, kila njia kwa kile kilichouzwa pale. Kule zahanati ni Njia ya Uji, kwa ajili ya Immakulata na ndoo zake. Nyuma ya soko ni Njia ya Dagaa. Wale wa bondeni wamepata Njia ya Mihogo, wanatembea kifua mbele. Mimi hata Dagaa ningeipokea kwa mikono miwili. Unajua wamenipa nini? NJIA YA LUBISI. Herufi kubwa, nyeupe juu ya bluu, mita mbili kutoka mlangoni kwangu. Mimi, niliyetoa mabati ya msikiti! Nikitoka kwenda adhuhuri, cha kwanza ninachosoma ni pombe ya ndizi.

Na Firdausi anaolewa tarehe 21 Mei. Shamsi na watu wake wanatoka Ujiji, watu wa dini tangu babu zao. Kadi lazima ziwe na anwani. Niandike nini? "Mnakaribishwa nikahi, Njia ya Lubisi"?

Mtendaji wa kata ni kijana wa Mbeya, anaitwa Lusajo, mpole lakini mgumu kama muhogo mbichi. Anasema jina linaweza kubadilishwa wenye nyumba wote wa njia hii wakisaini. Nimepata saini zote. Imebaki yako, maana nyumba ya mama nyuma ya duka bado ina majina yetu wawili. Karatasi nimeiambatanisha. Weka saini, mrudishie konda, basi.

Mdogo wako,
Dadi


Kasulu
22 Machi 2022

Mdogo wangu Pasikali,

Marahaba. Goti linauma, asante kwa kuuliza kabla ya kuanza kulia. Wasalimie wote. Mwambie Asia aache kuanika kanga kwenye ua wenye mbuzi.

Karatasi yako nakurudishia kama ilivyokuja.

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimetafuta neno moja sikuliona. Umeandika mabati, umeandika kibao, umeandika mbuzi. Mama hujamwandika. Hiyo njia inaitwa Lubisi kwa sababu Ntirampeba mama yetu alikaa pale miaka thelathini akipika lubisi. Wewe na mimi tulikuwa tunapokea mikungu ya ndizi ikishuka kutoka Busunzu, tunaifukia shimoni iive, tunaikamua kwenye ule mtumbwi mpaka mikono inanuka siku tatu. Watu walikuwa wakigombana kwingine, wakija kupatanishwa kwetu, kwenye chungu kimoja na mirija yake. Sare yako ya shule ilitoka kwenye chungu kile. Ualimu wangu ulitoka kwenye chungu kile. Leo serikali imemsimamishia mama nguzo bila kuombwa, na mwanawe anazunguka na karatasi aing'oe!

Nimefundisha Rungwe Mpya miaka kumi na tisa, nimekutana na watoto wakaidi wa kila aina. Hujawazidi. Mkataa kwao mtumwa.

Sisaini.

Dada yako,
Josepha


Dukani, Kibondo
5 Aprili 2022

Kwa dada Josepha,

Shikamoo. Leo ni siku ya tatu ya Ramadhani, nimefunga, kwa hiyo nitaandika kwa upole kadiri niwezavyo.

Kwanza, jina langu ni Dadi. Nimesilimu mwaka themanini na nne. Miaka thelathini na nane, dada! Watoto niliowauzia pipi wana wajukuu, wote wananiita Dadi, wewe peke yako umebaki na Pasikali kama mtu aliyeshika tiketi ya basi lililoondoka.

Pili, usinipige methali. Mimi si darasa la tano.

Tatu, nikuambie ukweli, kwa sababu nimechoka. Watu wa Ujiji walipouliza habari za kwetu, niliwaambia marehemu mama alikuwa anauza ndizi. Si uongo. Ndizi zilikuwepo. Sasa kibao hiki kitawasimulia yaliyobaki kabla hata hawajavua viatu. Nitaonekana mwongo mbele ya wakwe, na mwanangu ndiye atakayeishi nao.

Tena unanihubiria mama, mama. Umesahau mama alinifanya nini? Siku moja nilirudi nyumbani nikasema nimesilimu. Kesho yake alikwenda sokoni, akarudi na sufuria mpya na sahani, akaviweka pembeni, akasema, "Hivi ni vyako." Tangu siku ile nikapikiwa peke yangu, nikala peke yangu, kama mgonjwa wa kipindupindu. Nyinyi mmezunguka chungu, mnacheka, mimi na sufuria yangu kule kwenye kona. Alinitenga, dada. Sikumlaumu akiwa hai, na akiwa kaburini simlaumu. Lakini usinidai nimsimamie kwenye nguzo.

Nne. Lusajo anasema kama saini moja imekosekana, utaitishwa mkutano wa mtaa, Jumamosi tarehe 16. Ameniletea na majina mengine ya kuchagua. Unajua anapendekeza nini? "Mzee Dadi, kwa kuwa ni ndizi hizo hizo, tuseme Njia ya Juisi." Juisi! Nani amewahi kunywa juisi Kibondo akapewa njia? Lakini nimekubali. Bora Juisi.

Ukisaini kabla ya mkutano utaniepusha na aibu ya kusimama mbele ya watu. Usiposaini, sijui utakuja harusini ukae wapi.

Mdogo wako,
DADI


Kasulu
11 Aprili 2022

Pasikali,

Salamu kwa Asia na mtoto. Hii ni Wiki Kuu na wewe unanitia dhambini, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Nitakaa wapi? Nitakaa ninapokaa shangazi wa bi harusi. Firdausi ameshanipigia. Amesema, "Senge, usipokuja kunifunda mimi sitoki ndani." Mimi ndiye senge yake pekee, au umempatia mwingine huko kwenye juisi?

Sisaini. Habari ya sufuria nimeisoma. Nimeiweka mezani, nimeizunguka, nimeisoma tena. Sitaijibu nikiwa na hasira hizi, maana nitakosea.

Josepha


Njia ya Juisi, Na. 9
Kibondo
18 Aprili 2022

Kwa dada Josepha,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Umeona anwani hapo juu? Nimeshinda.

Ungetegemea nifurahi. Ngoja nikueleze jinsi nilivyoshinda, ucheke peke yako huko Kasulu.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa ofisi ya mtaa, hata wa Njia ya Mihogo ambao hayawahusu. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa, dada, nimeandika kurasa mbili. Nikasema jina hili limetungwa na watu wasiotujua, wageni, vijana wa simu za kupangusa, hawakuuliza wenyeji. Watu wakaitikia, "Kweli!" Nikapata nguvu. Nikasema, nani, nani hasa katika sisi aliyeulizwa?

Lusajo akafungua faili lake taratibu. Akasema, "Mzee Dadi, naomba nisome fomu. Njia: Lubisi. Mtoa taarifa..." Akanitazama kwa huruma. "Mtoa taarifa: Dadi, mfanyabiashara, nyumba namba tisa."

Dada, ni mimi! Siku ile lori la saruji lilikuwa linashusha, kijana kaja na simu yake ananiuliza hapa mnapaitaje, na mimi nina dereva mwingine sikioni amepotea njia. Nikamwambia dereva na kijana kwa pamoja, "Hapa ni Lubisi, nani asiyepajua?" Ndivyo ninavyowaelekeza madereva wote kila siku ya Mungu. Kijana akaandika, akaondoka, mimi nikaendelea kuhesabu mifuko.

Walicheka mpaka kuna mzee alishikiliwa asianguke. Nilitaka ardhi inimeze na kurasa zangu mbili.

Kisha Immakulata akasimama, mkono mmoja kiunoni, akasema, "Mpeni. Ana harusi, ana wakwe, mpeni jina analotaka. Sie tunajua twaishi wapi." Wakanyoosha mikono wote. Bila ubishi, dada. Hakuna hata mmoja aliyenipinga, ndicho kinachoniudhi. Nilipewa jina kama mtoto anavyopewa pipi anyamaze.

Kibao kinabadilishwa wiki hii. Kadi zinachapwa Kigoma, yako Firdausi ataituma. Njoo, tusahau.

Mdogo wako,
Dadi


Kasulu
27 Aprili 2022

Mdogo wangu Dadi,

Natumaini funga inakwenda vizuri na tumbo halikusumbui. Mimi goti limetulia kidogo.

Umeona nimekuitaje? Soma hadi mwisho ujue kwa nini.

Ulisema mama alikutenga na sufuria. Dadi, ulikuwa na miaka ishirini, umekaa ndani ya nyumba ile miaka sita mingine baada ya pale, na hukuuliza? Na mimi sikukueleza kwa kuwa nilidhani unajua! Hapa nimetupa kalamu mara mbili. Familia gani hii, watu wanapiga kelele kutwa nzima halafu la maana halisemwi.

Usiku ulipotuambia umesilimu, mama hakulala. Asubuhi alikwenda kwa mke wa Mzee Saady, yule wa duka ulilokuwa unafanyia kazi. Nilikwenda naye, ndiyo maana najua. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia kwa sababu nguo zake zilikuwa zinanuka lubisi. Akasema, "Mwanangu amekuwa wenu. Nifundishe kumpikia, nisije kumharibia." Mke wa Mzee Saady akamweleza: vyombo vyake viwe safi, visiguse pombe. Mama akauliza, "Na vya zamani nikivisugua sana?" Akajibiwa vinafaa. Akatafakari, akasema, "Hapana, nitanunua vipya. Naweza kusahau nikachotea lubisi."

Ndiyo sufuria yako hiyo. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Siku moja niliichemshia maharage yangu, nikachapwa nikiwa mwalimu mwenye ajira. Alihamisha mtumbwi wa kukamulia nyuma ya ua ili harufu isifike pale ulipokuwa unatandika mkeka wako. Ulikula kwenye kona kwa sababu kona ndiyo ilikuwa mbali na chungu. Wewe ukaona kutengwa. Yeye alikuwa anakulindia dini asiyoijua hata neno moja.

Na jina. Tangu siku ile hakukuita Pasikali tena, kumbuka. Alikuwa na miaka hamsini, alikupa mwenyewe jina la Pasikali, na akaliacha kwa siku moja. Mimi ndiye nimeshindwa miaka thelathini na nane, na kwa hilo nisamehe. Mtu ana haki ya kuitwa anavyotaka kuitwa. Lakini mama naye alikuwa na anavyotaka kuitwa. Watu walikuwa wakipita barabarani wakimsalimu kwa sauti, "Mama Lubisi, mwakeye!" na yeye anaitika mpaka ng'ambo.

Kadi yangu imefika. Nzuri, ina maua. Imeandikwa Njia ya Juisi, nyumba namba tisa. Mimi huko sikujui, Dadi. Nikishuka stendi nitamwambia bodaboda anipeleke wapi? Nyumba ya mama yangu haiko kwenye njia hiyo.

Mwambie Firdausi anisamehe. Sitakuja.

Dada yako,
Josepha


Nyumba Na. 9
Njia ya Lubisi
Kibondo
16 Mei 2022

Dada yangu Josepha,

Shikamoo dada. Shikamoo tena, kwa siku zote ambazo sikukuandikia.

Barua yako niliisoma siku tatu kabla ya Idi. Nikaikunja nikaiweka chini ya mizani. Asia akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni funga. Idi ikapita, akaniuliza tena, nikamfokea, halafu nikamwomba radhi, naye akaogopa zaidi kwa sababu ya radhi kuliko kwa kufoka. Sikujua nianzie wapi. Nilitaka kuandika, "Kumbe," halafu sikuwa na neno la pili.

Sasa sikiliza yaliyotokea juzi Jumamosi, maana nikikaa nayo nitapasuka.

Wakwe walikuja kuleta mahari. Gari mbili, wanawake kwa wanaume, na Bi Asmahani bibi yake Shamsi, ana miaka themanini na ushee. Nimewatumia anwani kwenye simu: Njia ya Juisi, namba tisa. Saa nne kimya. Saa tano kimya. Napiga simu, Shamsi anasema wako Kibondo tangu saa tatu na nusu wanazunguka! Bodaboda hawaijui Njia ya Juisi. Polisi hawaijui. Mmoja aliwapeleka mpaka kwa muuza miwa kule stendi, akawaambia juisi ni hapa. Biriani inapoa, Asia analia jikoni, mimi nimesimama chini ya kibao changu kipya kama mjinga, Lubisi sithubutu kuwatajia.

Saa sita wakafika. Nikamuuliza dereva amepajuaje. Akasema, "Bibi amechoka. Ameteremsha kioo akamuuliza mama mmoja wa uji, kwa Dadi mwana wa Ntirampeba ni wapi. Yule mama akasema, 'Si mseme mnakwenda Lubisi!'"

Mwana wa Ntirampeba? Mimi jina la mama sikuwahi kuwatajia.

Nikamsaidia bibi kushuka. Nikaona sasa basi, liwalo na liwe. Nikamwambia pale pale nje, mbele ya wote: "Bibi, nisamehe. Niliwaambia mama yangu aliuza ndizi. Mama yangu alikuwa anapika lubisi. Alipika hapa hapa, na ndiyo iliyonisomesha."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jua linachomoza mashariki. Akasema, "Baba Firdausi, nasi tuliposa tumefumba macho? Nani achukuaye mke asiulize? Tulimtuma mtu mwaka jana, akakaa hapa siku nne. Aliporudi akatuambia, bibi wa binti huyu hakuwa wa dini yetu, tena alikuwa mpika pombe, lakini mwanawe aliposilimu alimtengea sufuria ya halali mpaka anakufa, na mji wote ni shahidi. Nikasema basi, hapo hapo. Nyumba ya mtu wa namna hiyo haiharibikiwi." Kisha akaniuliza kama biriani iko tayari au wazunguke tena.

Mwaka jana, dada! Wamejua tangu mwaka jana! Nimekusanya saini, nimeandika kurasa mbili, nimechekwa uwanja mzima, nimegombana na wewe, kumbe nawaficha watu jambo walilokuja nalo. Na habari ya sufuria yangu mji mzima unaijua, Ujiji wanaijua, bodaboda wanaijua pengine. Asiyeijua alikuwa mwenye sufuria.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Lusajo arudishe jina. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivua miwani, akafuta uso kwa viganja viwili, akasema, "Mzee Dadi, naomba unihurumie. Mfumo umefungwa. Juisi imeshafika Dodoma." Kwa hiyo nguzo itasema Juisi mpaka hapo serikali itakapopenda, na nimejitakia mwenyewe. Lakini ukuta wa duka ni wangu. Nimemwita fundi wa maandishi, amemaliza saa kumi: DUKA LA DADI MWANA WA NTIRAMPEBA, LUBISI. Herufi kubwa kuliko za serikali. Imamu amepita, amesoma, ameniuliza mama amefariki lini. Nimemwambia. Amemuombea kila la heri nyumbani kwake huko, akaenda zake.

Kadi zilizobaki mimi na Firdausi tumekaa tukazisahihisha moja moja kwa kalamu, tumefuta Juisi, tumeandika Lubisi. Zimechafuka, yale maua sasa yana wino. Yako mpya imo humu.

Sufuria nimeikuta stoo. Nisamehe, ilikuwa na misumari. Miaka yote hii nimetilia misumari ya inchi nne. Nimeimwaga, nimeisugua kwa majivu mimi mwenyewe, Asia alitaka kunipokea nikakataa. Chini haina hata alama ya kuungua, dada. Unajua jinsi mama alivyokuwa anaunguza vitu vyetu. Sikuwahi kula chakula kilichoungua ndani ya nyumba ile, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Wali wako utapikwa humo. Njoo Jumatano, mtoto anasema hatoki ndani bila Senge yake, na ukaidi huo hakuutoa kwa Asia. Ukishuka stendi usithubutu kusema Juisi, watakuzungusha na hilo goti. Mwambie bodaboda Lubisi. Wanapajua wote.

Mdogo wako,
Dadi wa Ntirampeba